Jinsi ya Kumnyang'anya Fundi Tyubu ya Silikoni

Hatua ya kwanza ya kutengeneza kioo cha kusukuma cha nyuma ya pikapu ni kumwondoa hapo gereji mtu yeyote aliyeshika tyubu ya silikoni. Mnunulie chai. Mtume akatafute spea isiyopatikana upesi. Na kama ni fundi wako mwenyewe, ameshakata ncha ya tyubu na anasema, "Bosi, hapa tunapiga silikoni tu, maji hayaingii tena," mshike mkono taratibu umwambie: subiri fundi wangu, kwanza tujue maji yanapita wapi.

Nasema hivi kwa sababu nayapenda magari haya. Hilux za kizazi cha 1988 hadi 1997, Nissan Hardbody za enzi hizo na rika lao wote bado wanabeba mahindi, saruji, mbuzi na maharusi. Unakuta injini bado inaitika asubuhi, chesi haina neno, lakini sakafu ya kebini imeoza, ukibonyeza kwa kidole kinatokea upande wa pili. Maji ya kioo cha nyuma yanashuka kimyakimya nyuma ya kiti, yanajilaza chini ya kapeti, na kazi yake hujulikana siku abiria anapouliza ni nini kinachonuka.

Kwa hiyo anza na upelelezi. Kunja kiti mbele, funua kapeti, pangusa kila kitu kikauke. Mwingize ndani mtu mwembamba mwenye tochi, wewe baki nje na mpira wa maji. Mwagia kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji yatateremka yakalowesha kila mahali na hutajua lolote. Lowesha ukingo wa chini wa kioo, ngoja dakika chache, panda kwenye reli, kisha pembeni, kisha mpira wa juu, na mwisho kabisa taa ya breki iliyo juu ya kioo, kama gari lako linayo. Vioo vingi vimesingiziwa makosa ya taa hiyo. Aliye ndani asipige kelele kwamba linavuja. Hilo mnalijua, ndiyo maana mko hapo. Aseme tone la kwanza limechomoza wapi.

Mara nyingi atasema ni kwenye reli ya chini, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Kioo hiki kimeundwa kwa vipande ndani ya fremu ya alumini: vya pembeni vimetulia, vya katikati vinasukumwa, na kwenye magari mengine hutembea kimoja tu. Reli ya chini ni mfereji. Waliounda gari walijua fika kwamba mvua itaingia humo, wala hawakujaribu kuizuia isiingie. Walitoboa vitundu vidogo upande wa nje ili itoke. Miaka inapita, vumbi linajaa, majani ya mwarobaini yanaingia, vitundu vinaziba, mfereji unafurika kuelekea ndani. Kisha anakuja bwana silikoni, anaona kitundu, anashangilia kwamba amegundua panapovuja, anakiziba. Maji yaliyokuwa yanatafuta njia ya kutoka sasa yamebakiwa na njia moja tu, nayo ni mgongoni mwa dereva.

Zibua. Chukua mswaki uliostaafu, maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Kwa vitundu, chomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Unapita vizuri na hauchubui. Usiwe na haraka, maana reli ya pikapu iliyofanya kazi ina hazina yake. Abiria wengi wamelipa nauli kupitia kioo hiki, kwa hiyo tarajia tope jeusi, punje za mtama, kipande cha vocha ya simu na sarafu iliyoota kutu. Ukimaliza, mimina glasi moja ya maji kwenye reli. Yakichuruzika nje mara moja bila kusita, simama uyatazame. Kwa magari mengi kazi huishia hapo, na haijagharimu hata bei ya hiyo tyubu.

Kioo kikiwa bado kigumu kusukuma, usikipake oili wala grisi. Oili huvimbisha mpira, na grisi hukusanya vumbi likawa msasa. Tumia silikoni ya kupuliza, ndugu wa ile ya tyubu mwenye tabia njema. Na kikigongagonga njiani kwa kelele ya sahani, ule mpira wenye manyoya uliomo ndani ya reli umeisha. Hununuliwa kwa mita: Dar es Salaam katembee Gerezani, Nairobi shuka Grogan, na uende na kipande cha zamani mkononi, maana upana ukizidi kidogo tu kioo hakitembei.

Loki ya katikati ikivunjika, tafuta nyingine, lakini usiku huohuo kata fimbo ya mbao yenye urefu wa nafasi iliyobaki kwenye reli kioo kikiwa kimefungwa, uilaze humo kwa ndani. Mwizi atasukuma mpaka achoke.

Kama ni kioo chenyewe kilichovunjika, sikiliza vizuri. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zenye plastiki katikati, lakini cha nyuma kwa kawaida ni kioo kilichopashwa moto unaopita nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla kwa upepo. Ndiyo maana kikivunjika kinakuwa punje punje, si mapanga. Kioo cha namna hiyo hakikatwi. Ukijaribu kukikata kwa kikatio cha almasi kinapasuka chote. Kwa hiyo fundi anayekupimia na kukukatia hapohapo ndani ya dakika kumi mara nyingi amekuwekea kioo cha dirisha la nyumba, sentimita chache nyuma ya shingo yako. Mshukuru, lipa chai yake, ondoka. Nunua fremu kamili iliyotoka kwenye gari lingine.

Kuitoa fremu kunahitaji watu wawili. Wa ndani anabandua mdomo wa mpira kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa tepu, akianzia pembe za juu, kisha anasukuma kwa viganja. Wa nje anapokea, na asiwe anaongea na simu. Kabla ya kurudisha, kagua ukingo wa bati. Palipo na kutu, sugua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke kweli. Ukifunika kutu kwa mpira mpya, umeipa kivuli iendelee kula.

Kurudisha ni raha tupu. Vika fremu mpira wake, zungusha kamba nyembamba imara kwenye mfereji wa mpira unaokaa kwenye bati, ncha mbili zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni kila mahali. Wa nje anakandamiza kwa viganja, wa ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa mpira unapanda juu ya bati mbele ya macho yenu, sentimita kwa sentimita, mpaka juu.

Sasa mwite yule bwana silikoni uliyemnunulia chai. Viungio vya pembe za chini za fremu ya alumini hukauka na kuachia, na hapo mstari mwembamba wa silikoni una kazi halali. Ila inuse kwanza: ikinuka siki ina asidi inayokula chuma, itafutwe isiyonuka hivyo. Na vitundu asiviguse!

Ukishamaliza, usiendeshe gari kioo cha nyuma kikiwa wazi peke yake. Gari likikimbia, hewa ya nyuma ya kebini hujizungusha na kuvuta vumbi pamoja na moshi wa ekzosi mpaka ndani, na kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu ya kukuonya. Fungua cha mlangoni pia, au ufunge vyote.

Rudia jaribio la maji. Pakiwa pakavu, usirudishe kapeti leo. Lianike juani pamoja na sponji lake la chini, kwani hilo ndilo hukauka mwisho, na milango ya gari ibaki wazi mchana kutwa.