Sifa za Giza kwa Msomaji wa Butembo na Beni

Giza ndilo mkutubi mkuu wa Butembo na Beni. Halidai ada wala kadi, halina likizo, na hufika kazini kwa wakati kuliko mtumishi yeyote wa serikali. Butembo iko karibu mno na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, iwe Januari au Julai. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kimekuwapo Butembo tangu 1989, na Beni ina Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili tangu 2007. Vyote vina vitabu, lakini maktaba hufunga mlango, na hapo giza hufungua wake.

Wingi wa giza hili una historia. Huko Inga, upande wa pili wa nchi, kituo cha kwanza cha umeme wa Mto Kongo kilianza mwaka 1972, cha pili kikafuata 1982, na waya wa kilomita zipatazo 1,700 ukavutwa hadi kwenye migodi ya Katanga. Kivu ya Kaskazini, jimbo lenye Butembo na Beni, haikuwa njiani. Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaofika Dubai na Guangzhou kutafuta bidhaa, ulikua miongo mingi bila gridi ya taifa, kwa jenereta na kwa mafuta yanayopita mpaka wa Kasindi. Ndiyo maana usiku wa mpenda vitabu na filamu hupimwa kwa lita za esansi. Giza lenyewe halinywi kitu, na ubahili huo pekee ungetosha kulipatia heshima katika mji wa biashara.

Kazi yake ya kwanza ni uhakiki. Riwaya fupi za Zamenga Batukezanga huisha kabla ya mshumaa. *Les Misérables* ya Victor Hugo hula mishumaa pakiti nzima na bado Jean Valjean anatoroka. Mhakiki wa chuoni angeandika kurasa kumi kueleza kwamba sura fulani imerefushwa bure, lakini giza husema hivyo mara moja, na hakuna anayelijibu. Tena lina jicho la mahali pa kukatia. Katika *Entre les eaux* ya V. Y. Mudimbe, iliyotoka 1973, padri Pierre Landu anajiunga na wapiganaji wa msituni, asijue tena ni wa upande gani. Mshumaa ukizimika katikati ya mashaka hayo, msomaji hulala nayo, na asubuhi huamka akiwa amemwelewa padri vizuri kuliko aliyesoma chini ya taa bila kupumzika.

Kwenye filamu giza huonyesha ufundi wake wote. *Sholay* ya mwaka 1975 hupita saa tatu, na mwenye banda la video huanza kuipigia hesabu ya mafuta kabla ya kuipigia tangazo. *La Vie est belle* ya 1987, aliyoigiza Papa Wemba, haifiki saa moja na nusu: filamu ya Kongo inayomjua mwenye jenereta. *Titanic* ndiyo iliyofaidika zaidi. Betri ya kompyuta kuukuu inayodumu saa moja na nusu huzimika kabla meli haijagonga barafu. Mtazamaji huyo huenda kulala akijua kwamba Jack na Rose wamependana na safari inaendelea salama, na hakuna sababu ya msingi ya kumsahihisha.

Kilele ni *Viva Riva!* ya Djo Munga, ya mwaka 2010. Kinshasa imekaukiwa mafuta, kijana Riva anarudi na shehena ya mafuta ya wizi kutoka Angola, na watu wanauana kwa ajili ya mafuta hayo. Kuitazama Butembo ni kuunguza kwenye jenereta kitu kile kile kinachogombewa kwenye kioo. Tangi likikauka kabla ya mwisho, watazamaji huona uhaba ukitoka ndani ya filamu na kuingia chumbani. Hakuna ukumbi wa Paris uliowahi kutoa onyesho kamili namna hiyo. Anayebaki na deni ni yule aliyekwisha kuiona, kwa sababu hulazimika kusimulia mwisho wake gizani, na mara nyingi huutengeneza upya.

Kalenda ya mwaka haihitaji maneno mengi. Miezi ya mvua mawingu huzidhoofisha paneli za sola na matope hukwamisha malori. Miezi ya kiangazi sola hupata nguvu, lakini hapo ndipo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hujiandaa kwa Mtihani wa Taifa, na kila tochi ya nyumba huwa yao. Kwa riwaya, giza ni lile lile.

Sifa hizi zinaishia mlangoni. Giza la nje, hasa upande wa Beni, ambako raia wameuawa kwa makundi tangu Oktoba 2014, halina cha kusifiwa, na jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Watu hujifungia mapema kwa hofu, si kwa kupenda riwaya.

Hata la ndani limeanza kupata maadui. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kutangazwa duniani na filamu ya *Virunga* ya mwaka 2014, imejenga vituo vya umeme wa maji, kimojawapo Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori. Nguzo zinaongezeka pia mijini. Hasara ya umeme huo itaonekana kwanza kwenye vitabu vya kuazima, kwa kuwa giza limekuwa wakili wa kila aliyekaa na kitabu cha mwenzake mwaka mzima bila kukimaliza. Basi ambaye nyumba yake imekwisha kuvutiwa waya na akamalize kurasa zilizobaki, kisha akirudishe kitabu kwa mwenyewe.