Namna ya Kusifiwa kwa Bustani Usiyoilima

Unaishi Uingereza, una kiuwanja nyuma ya nyumba, na mgongo wako hautaki jembe. Sogea nikunong'oneze, ndugu yangu: yupo askari wa bure. Ni mbawakawa askari mwekundu, Rhagonycha fulva kwa wataalamu, ambaye Scopoli alimweleza kitabuni mwaka 1763. Kumwajiri ni rahisi.

1. Usifyeke. Mashine ya kukatia nyasi ilale stoo, na majani yaliyoanguka yaache palepale. Humo chini ndimo mabuu wake wanamopitisha baridi yote, miili yao ya kahawia imefunikwa vinyweleo laini kama mahameli. Wanawinda koa na konokono, walewale wanaomaliza letusi yako usiku. Wewe lala.

2. Sahau kung'oa karoti. Ziache mpaka mwaka wa pili zitoe maua meupe. Giligilani iliyozeeka nayo usiiguse. Kati ya Juni na Agosti mbawakawa watajaa juu ya maua hayo, wakila chavua na mbochi na kutafuna vidukari. Hapo inama, mara hiyo moja tu, umtazame vizuri: urefu kama sentimita moja, rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, ncha za mabawa nyeusi ti. Mabawa yake ya juu ni laini, si magumu kama ya mbawakawa wengine. Mara nyingi utawakuta wawili wawili, dume mgongoni kwa jike, hawajali nani anapita. Waache wamalize shughuli yao. Jike atataga udongoni, na hao ndio vibarua wako wa mwakani.

3. Dawa usinunue. Anayepulizia vidukari anaua na askari wake, kisha kazi yote inamrudia yeye.

4. Jiandae kusifiwa. Jirani atafika uzioni na hofu, maana wenyeji wengi wamezoea kumwita mdudu huyu mnyonya damu. Mpandishe mmoja taratibu kiganjani, atembee, jirani aone kwamba damu yako hana shida nayo. Akiuliza nyasi ndefu ni za nini, jibu bila haraka: "Ni makazi ya wawindaji." Ni kweli tupu, na hakuna aliyekuuliza kama ulikuwa umelala.

Kisha mpe mbegu za karoti, naye aache zake zichanue. Askari akipata malisho pande zote mbili za uzio, mtafaidi wote.