Kasida ya Mjusi wa Kijani

Karafuu imesifiwa, ng'ombe wa mchezo ameimbiwa, hata popo wa Pemba, mla maembe yetu, ana watu wa kumtetea. Mjusi wa kijani anayeota jua kwenye mgomba wangu hajapata hata ubeti. Leo nalipa deni.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada. Mimi nikibanwa sawasawa, babu wa nne tutamfuata Hadhramaut au Mrima. Yeye asili yake ni Pemba tu, hana kwao kwingine duniani. Waarabu walikiita kisiwa hiki Jazira ya Kijani, naye kavaa sare hiyo kichwa hadi mkia. Lakini tazameni jina aliloandikiwa: Phelsuma parkeri. La kwanza linatokana na tabibu wa Kiholanzi, la pili na Mwingereza wa makumbusho ya London. Na aliyemwandikisha mwaka 1941, Arthur Loveridge, Mwingereza vilevile. Hakuna Faki, hakuna Hamad wala Shaame. Hajalalamika.

Kazi yake? Hupanda mkarafuu bila kamba, kwa vinyweleo vya nyayoni ambavyo jicho halivioni, akafika kwenye vitawi tusivyothubutu kuvigusa, asichume hata konyo moja. Ndizi iliyopasuka kwa kuiva huiramba yeye kwanza. Ulimi huohuo ndio wa kupangusia macho, maana hana kope za kupepesa. Ukimdaka mkia, anakuachia mkia wenyewe, ukichezacheza mkononi, naye kesha kwenda zake. Sanaa ambayo mimi, kwa deni nililonalo dukani, ningelipa chochote nifundishwe.

Wapo wanaomchanganya na binamu yake wa ukutani, mjusi kafiri, yule anayesimuliwa kwamba aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim, na ambaye kumuua kwa pigo moja kuna thawabu zaidi kuliko kwa mawili. Binamu huyo huwinda usiku, kwenye mwanga wa taa. Wangu shughuli zake ni mchana kweupe, hana la kuficha.

Juzi mwanangu alimnyemelea, kandambili mkononi. "Baba, na huyu kafiri?"

"Huyu Mpemba, mwanangu."

Akashusha kandambili. Mjusi akaramba jicho moja, akaramba la pili, akahama mgombani hadi kwenye kamba ya kuanikia, akajisaidia juu ya kanzu yangu ya Ijumaa.