Namna ya Kumpima Mraibu wa Mitandao Bila Kumsingizia

Unataka kujua vijana wa nchi gani wametekwa zaidi na mitandao ya kijamii? Kabla hujatangaza bingwa wa dunia, pita hatua hizi.

1. Kijue kipimo chako. Kinachotumika sana kilitoka Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Mwaka 2012 kilipima uraibu wa Facebook peke yake; baadaye kikapanuliwa. Kina maswali sita: kuiwaza mitandao kila mara, kuhitaji muda zaidi na zaidi, kuitumia kusahau shida, kujaribu kupunguza ukashindwa, kukosa utulivu ukizuiwa, na kuharibu kazi au masomo. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 5, jumla 6 hadi 30.

2. Usiazime mstari wa hukumu, yaani alama ambayo mtu akiifikisha huhesabiwa mraibu. Watafiti wa Hungary waliuweka kwenye 19. Wa China wakaupata kwenye 24. Mwenye alama 21 hawezi kuwa mgonjwa Budapest kisha akapona akishuka kwenye ndege Beijing. Tafuta mstari wa watu wako: wahojiwe na mtaalamu wa afya ya akili, kisha alama zao zilinganishwe na madhara yanayoonekana maishani mwao.

3. Sikiliza swali linavyoeleweka. Muulize Mganda kama hukosa utulivu akizuiwa kutumia mitandao. Kwao serikali ilitoza watumiaji wa mitandao shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018, na Januari 2021, uchaguzi ukikaribia, ikaifunga Facebook. Akijibu "mara nyingi sana", huenda anailalamikia serikali. Muuza vitenge anayepokea oda kwa WhatsApp naye huhangaika bando likikata, maana mteja hasubiri. Waombe wakueleze walichokuwa wakifikiria walipojibu, na swali lililokwenda kombo uliandike upya.

4. Pima kipimo chenyewe. Gunia la kawaida na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, yote huitwa gunia, lakini ole wake anayeyahesabu kuwa sawa. Kwa hiyo hakikisha mambo matatu katika kila jamii: maswali yanashikamana kwa mpangilio uleule, kila swali lina uzito uleule, na watu wenye hali sawa wanapata alama sawa. La tatu likikosekana, usilinganishe wastani wa nchi na nchi. Takwimu iitwayo alfa ya Cronbach, hata ikiwa kubwa, haikuvushi hapo. Inakuonyesha tu kwamba majibu yanakwenda pamoja.

5. Usiamini saa za kukisia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa muda ambao watu husema wameutumia hutofautiana mno na ule uliorekodiwa na vifaa vyao. Omba ruhusa usome rekodi ya simu. Hata hivyo, saa nyingi peke yake si uraibu.

6. Chunga ulimi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inautambua uraibu wa michezo ya kompyuta. Wa mitandao ya kijamii haijautaja kama ugonjwa wake wenyewe. Basi andika "yuko hatarini", usiandike "mgonjwa".

Kijana anayekesha na simu hadi masomo yakamshinda anahitaji msaada. Anayekesha nayo akitafuta wateja anahitaji kuachwa afanye kazi. Kipimo kisichoweza kuwatenganisha wawili hawa kisipewe ruhusa ya kumwita yeyote mraibu, sembuse taifa zima.