Korongo wa Kisiwa cha Ukungu

Paliondokea kisiwa cha ukungu, kaskazini ya mbali, na pembe yake ya juu ilitengwa kwa ua wa miiba, ikakaliwa na ndege wa namna mbili. Wachungwa, wenye vishungi vya rangi ya chungwa, walikuwa 2 katika kila ndege 3, na waliobaki walikuwa Wakijani. Wote walimwomba Mola mmoja, ila wa kwanza walikunja bawa la kulia wakati wa sala na wa pili la kushoto, na kwa ajili ya bawa hilo wakatengana shule, mitaa na kazi. Ng'ambo ya ua Wakijani ndio waliotawala, nao Wachungwa wakawa wanalala jicho moja wazi, wakihofia kwamba siku ua utakapong'olewa watamezwa.

Kura ya kijiji ilikuwa ya mwenye kiota. Asiye na kiota hakuhesabiwa, na mwenye ghala kubwa aliweza kupata hadi kura 6 za ziada, kwa hiyo kugawa viota kukawa ndiko kugawa utawala, na wagawaji walilijua hilo vizuri mno.

Ndipo akatawazwa Korongo, mtoto wa ukoo mkubwa wa Wachungwa, aliyelelewa ng'ambo ya bahari katika bustani za wakubwa. Shingo yake ndefu ilimwezesha kuona mbali, lakini sauti yake ilikuwa ngeni hata masikioni mwa wenziwe. Akaitembelea shule ya Wakijani na kusimama chini ya alama ya ibada yao, jambo ambalo hakuna mtawala aliyemtangulia aliyelithubutu. Kisha akamwalika mkuu wa ng'ambo ya ua aje kunywa chai, kwa siri ambayo hata baraza lake halikuijua mpaka mgeni alipokaribia mlango. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu wakuu wa pande hizo mbili walipoketi pamoja.

Jogoo akapandwa na hasira. Huyu alikuwa mhubiri wa Kichungwa, mwenye koo la kuamsha vijiji saba, naye akahubiri kwamba Korongo ameuza kisiwa. Mkuu mwingine wa ng'ambo ya ua alipokuja wakati wa kipupwe, Jogoo na wafuasi wake walimpokea kwa madonge ya theluji.

Lakini chai si kiota. Wakijani walioamini maneno matamu ya Korongo walingoja mwaka hadi mwaka, mpaka siku kiota kipya kilipopewa mwari mmoja wa Kichungwa asiye na mume wala yai, ilhali jozi za Kijani zenye vifaranga zikinyeshewa. Wakaingia barabarani, wakapigwa marungu vichwani. Hapo Korongo akatangaza mageuzi 5, na ugawaji wa viota kwa haki ulikuwemo. Kura kwa kila ndege wa kijiji haikuwemo. Simlaumu kwa upole wake, maana kisiwa kile kiliuhitaji kama mgonjwa anavyohitaji uji. Namlaumu kwa kuwanyima Wakijani kile ambacho upole ule ulikuwa umewaahidi, hadi subira yao ikakatika.

Akaitisha uchaguzi. Kijijini kwake, ambako hakuwahi kupata mpinzani, Jogoo akasimama dhidi yake, naye Korongo akaponea kwa kura 1,414.

Kisha yakatendeka ambayo hadi leo yananiuma kuyasimulia. Usiku, mfereji mkuu uliotoa maji milimani ukavunjwa, na siku chache baadaye mwingine tena. Kulipokucha, akina mama walipanga foleni na mitungi, wakakuta tope chini ya mfereji, na makinda yakilia kwa kiu. Kila kinywa kikasema: Wakijani hao, na Korongo ndiye aliyewalea! Kumbe waliovunja ni Wachungwa wenyewe, waliotaka aondoke, nao makinda yao yalikuwa yakinywa maji yaleyale. Waliyamwaga ili apatikane wa kulaumiwa, na wengi wakaamini, kwa kuwa walikuwa wanatafuta la kuamini.

Korongo akaikubali kura ya kila ndege, lakini maji yalikuwa yamekwisha mfika shingoni. Siku chache tu baadaye akajiuzulu, baada ya kutawala miaka 6. Alipokwisha ondoka alisema kwamba Mkijani akipewa kazi nzuri na kiota kizuri ataishi kama Mchungwa, wala hatataka tena kuangua makinda 18. Aliyasema kwa nia njema, na Wakijani wakasikia jinsi alivyokuwa akiwaona tangu mwanzo.

Kisha Wachungwa na Wakijani wakapigana, makaburi yakachimbwa, zaidi ya 3,500, na mengine yalikuwa mafupi kwa sababu waliozikwa walikuwa makinda. Miaka 38 baada ya Korongo kujiuzulu, na miaka 17 baada ya kufa kwake, Jogoo, manyoya yamekwisha kuwa meupe, aliketi kutawala kisiwa pamoja na Mkijani aliyewahi kuongoza wapiganaji wa siri, wakacheka pamoja hadi vishungi vyao vikatikisika. Mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama akawatazama kwa muda mrefu, kisha akajitwika mtungi wake wa maji akaenda zake makaburini.