Maji ya Moto Yapo

Ulipotoka Dar alfajiri uliwatangazia watu kwamba utalala Mbeya. Ni kama kilomita 830, na kwenye ramani hazina neno. Ramani haikukuonyesha lile lori lililokutangulia Kitonga kona baada ya kona, wala vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ulivyosimama kununua kana kwamba kwenu haviuzwi. Sasa ni saa mbili usiku na uko Ipogolo, chini ya kilima cha Iringa mjini. Utalala gesti. Tulia, fuata maelekezo.

Kwanza, soma kibao. Kikisema "Hoteli", humo kuna wali maharage na benchi. Kikisema "Gesti", kuna kitanda. Kikisema "Lodge", kuna kitanda kilekile na bei nyingine. Neno "Executive" likiongezwa, ujue kiti cha plastiki kina mikono. Usishangae jengo likiwa na ghorofa mbili na ngazi moja na nusu, fundi atarudi.

Mapokezini omba chumba "self", yaani choo na bafu vimo ndani. Vimo ndani pamoja, tena kwa ukaribu wa ndugu: bomba la mvua linaning'inia juu ya choo, hivyo ukioga umeosha na choo, na karatasi ya chooni, na suruali uliyoitundika mlangoni. Vitoe nje kabla hujafungua maji. Hutavitoa.

Kisha utaletewa kitabu cha wageni. Jaza jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho na sahihi. Ndiyo, kabila. Taifa lisiloulizana makabila limekuwekea safu yake, iliyochorwa kwa rula na kalamu nyekundu. Kila mgeni mjanja huandika "Mtanzania", na kila mara dada wa mapokezi husema kwa upole, "Kabila, kaka." Andika tu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na kisanduku chake kina upana wa kidole gumba, kwa hiyo nusu ya namba yako italala kwa jirani. Kwenye kazi, andika "biashara". Tazama mistari ya juu: wote ni wafanyabiashara, hata yule mzee mwenye kola ya upadri uliyempisha ngazini. Ukitaka kuwa mkweli ukaandika "fundi bomba", hutalala.

Sasa maji. Hapa ndipo wageni wanapoangamia. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya ni kama 1,700, na ukipita huko Juni au Julai baridi hukuingia hadi kwenye meno. Kwa hiyo utauliza, "Maji ya moto yapo?" Utajibiwa, "Yapo."

Hujadanganywa. Umesahau darasa la nne. Kiswahili kina yapo, yako na yamo, na wewe umechagua mwenyewe. "Yapo" ni mahali fulani panapojulikana, na dada anapajua: ni uani, kwenye sufuria, juu ya mkaa. Ulichotakiwa kuuliza ni "Yamo bombani?" Hapo angekutazama kwa heshima mpya na kukujibu, "Bombani hayamo, ila yapo."

Ukutani utaona swichi ya hita, yenye kitaa chekundu. Iwashe. Kitaa kikiwaka, maana yake kitaa kinawaka. Subiri nusu saa, shika maji, subiri tena nusu saa kwa ajili ya heshima yako, halafu toka koridoni na taulo uagize ndoo. Ikifika, ivute ndani papo hapo. Mgeni wa chumba namba 6 naye aliambiwa yapo.

Kandambili utazikuta chini ya kitanda, zimekatwa pembe na kuandikwa namba ya chumba kwa wino usiofutika, kwa hofu kwamba utasafiri nazo. Namba hiyo si ya chumba chako. Zote mbili ni za kushoto. Usilalamike, mwenye za kulia ni yuleyule wa namba 6, na kwa sasa anakutafuta kuhusu ndoo.

Tangazo nyuma ya mlango linasema uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa mapokezi. Mapokezi ni meza yenye droo isiyofungika. Lala na simu yako.

Ukipewa chumba cha mbele, barabara ya Zambia itapita kichwani mwako, na malori ya shaba yanayoshuka kwenda bandarini yatapiga breki dirishani. Zamani usiku wa manane ulikuwa wa malori. Tangu 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, nayo yameleta honi zake. Basi omba chumba cha nyuma. Cha nyuma kinatazama baa. Pale mjini kuna mwamba uitwao Gangilonga, jina la Kihehe lenye maana ya jiwe linalosema, nami nashuku aliyeupa jina hilo alilala chumba cha nyuma.

Chai imo kwenye bei. Wewe ndiye hutakuwamo, kwa sababu hutolewa kuanzia saa moja, na saa kumi na mbili unusu utakuwa njiani kuelekea Mafinga, ukiyapita mabango yanayoelekeza kwenye mashamba ya chai ya Mufindi, na koo kavu.

Jioni hiyo utafika Mbeya, maeneo ya Mafiati, ukiwa mtu mzoefu. Kibao utakisoma vizuri. Utaandika "biashara" bila kusita. Utaegemea meza ya mapokezi kama mwenyeji na kuuliza, "Maji ya moto yapo?"

Asubuhi mama wa usafi atakusalimu "Ugonile", salamu ya Kinyakyusa ambayo ukiifumua inakuuliza kama umelala. Jibu kwamba umelala. Kisha mkabidhi ufunguo, na usimame hapohapo hadi amalize kukagua kandambili.