Wanahistoria Hawana Haraka

Usimlaumu mwanahistoria kwa kuchelewa. Yeye hungoja jambo lipoe kwanza. Wanachama wa Chama cha Wanahistoria cha Marekani walikiomba chama chao kipinge vita vya Iraq. Mabomu yalianza kuangukia Baghdad Machi 2003. Azimio likaidhinishwa Machi 2007, vita vikiwa vimefikia umri wa kuanza chekechea. Rais Bush alitetemeka, bila shaka.

Januari 2025, jijini New York, waombaji wakarudi. Safari hii walitaka chama kilaani kuangamizwa kwa elimu huko Gaza: shule, vyuo vikuu, maktaba, nyaraka. Kura 428 zikaunga mkono, 88 zikapinga, ukumbi ukarindima kwa makofi. Mwezi haukwisha, baraza la chama likaliweka kando azimio lenyewe, eti jambo hilo liko nje ya dhamira ya chama. Kweli kabisa! Nyaraka zikiungua, mwanahistoria anahusikaje? Waiteni zimamoto.

Nawe mwenye azimio mfukoni, kusanya saini zako kwa utaratibu, fuata katiba kifungu kwa kifungu, kisha omba vita visiishe kabla ya kikao.